Mbio nane, na simu niliyoogopa kuipiga

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya watu wanaojiandaa kwa awamu ya pili ya mbio zetu za kuchangia tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu mgonjwa mahututi. Wengi mliniomba niiandike, nimeiandika karibu vilevile nilivyoisema.

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine wote habari zenu. Mliosimama kule nyuma poleni, viti vimeisha, sogeeni huku mbele kuna nafasi ya kukaa chini.

Nimeambiwa niongelee kukimbia mbio ndefu mfululizo kwa ajili ya kuchangisha pesa, na ntaongelea, ila naomba nisianze na mbio, nianze na simu. Wiki tatu kabla ya mbio yetu ya kwanza nilikuwa nimekaa kitandani usiku na daftari lina majina 60, ndugu, majirani, watu niliosoma nao, watu wa kazini, na sikuwa nimempigia hata mmoja. Hata mmoja! Mazoezi nilikuwa nimefanya miezi mitano, naamka saa kumi na moja alfajiri, mvua inanyesha naenda hivyohivyo, nimeshakimbia kilomita 30 peke yangu mara mbili, mwili uko tayari kabisa, lakini kumpigia mama yangu mdogo na kumwambia naomba unichangie nilikuwa siwezi. Mkono unakuwa mzito. Unaanza kujiambia ntampigia kesho, leo atakuwa amechoka, ngoja mwisho wa mwezi ufike, yaani sababu hazikosekani.

Usiku ule nikapiga. Nikajieleza harakaharaka kama mtu anayekiri kosa. Akanyamaza kidogo alafu akaniambia, "Nilisikia kwa watu kwamba unakimbia kwa ajili ya wale manesi waliomuuguza dada yangu. Nimekaa nangoja uniambie mwenyewe. Nikajua mimi umeniacha nje."

Mimi nilidhani namwondolea usumbufu, kumbe mwenzangu alikuwa anahesabu siku. Dada yake ndo mama yangu. Na yeye alikuwepo chumbani siku zile za mwisho, alimwona yule nesi anakuja mara mbili kwa wiki, na kuna wiki alikuja kwa miguu kwa sababu gari yao haikuwa na mafuta, na alipofika hakulalamika, alinawa mikono akatufundisha namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, namna ya kupima dawa ya mofini ya maji, saa ngapi apewe hata kama hajaanza kulalamika, maana maumivu ukiyasubiri yafike juu kuyashusha ni kazi. Mama aliondoka akiwa hana maumivu, anaongea na sisi. Mliowahi kuuguza mtu mwenye maumivu ya namna ile mnaelewa hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Kwa hiyo tulipokaa watu kumi na moja kupanga, lengo tuliliandika kwa safari. Tuliwauliza wale wauguzi, ili mmoja wenu afike nyumbani kwa mgonjwa na kurudi, mafuta, matengenezo ya gari, glavu, vifaa vya kufungia vidonda, inagharimu kiasi gani? Wakatupa hesabu. Sisi tukasema lengo letu ni safari 400. Kuanzia hapo kila mchango tukawa tunautafsiri hivyo, mtu akituma tunamjibu umelipia safari mbili, umelipia nusu safari, mwenzako amemalizia nusu iliyobaki. Nawashauri sana mfanye hivi. Ukimwambia mtu tunatafuta pesa kadhaa kwa ajili ya tiba shufaa anaona mlima, na mchango wake mdogo anauona kama tone baharini, lakini ukimwambia hii uliyotuma ni safari moja ya Alhamisi kwenda kwa mgonjwa mmoja, analala akijua amefanya kitu gani.

Sasa kwa nini mbio nane, kwa nini isiwe moja kubwa tukamaliza? Hili swali tuliulizwa sana. Jibu langu ni kwamba mbio moja inakupa nafasi moja ya kuomba na nafasi moja ya kushukuru, basi, imepita. Mfululizo unakupa sababu ya kurudi kwa watu. Ukirudi umekimbia ya kwanza kama ulivyosema, ukarudi tena umekimbia ya pili, yule aliyekuwa anakuangalia pembeni bila kusema kitu anaanza kukuamini. Kuna jirani yangu hakutoa chochote mpaka mbio ya nne. Mbio ya nne akaja mlangoni na bahasha, akasema nilitaka kwanza nione kama mtafika mbali.

Wapo waliopita njia hii kabla yetu na mimi nimewasoma sana, nyakati nimechoka ndo walikuwa wananiamsha. Terry Fox mnamjua wengi. Kijana wa Kanada, mguu wa kulia ulikatwa mwaka 1977 juu ya goti kwa sababu ya kansa ya mfupa, na mwezi wa nne 1980 akaanza kukimbia kuvuka nchi yake kutoka pwani ya mashariki kwa mguu mmoja mzima na mmoja wa bandia, akilenga karibu umbali wa marathoni, yaani kilomita 42, kila siku. Watu wanakumbuka mwisho, kwamba alikimbia siku 143, kilomita 5,373, na mwezi wa tisa mwanzoni akalazimika kuacha kwa sababu kansa ilikuwa imefika kwenye mapafu, na mwaka uliofuata akafariki ana miaka 22. Mimi nakumbuka zaidi mwanzo wake. Wiki za kwanza kuna sehemu alipita watu wengi hawajui kabisa anafanya nini. Alafu akafika mji mdogo unaitwa Port aux Basques, una watu kama 10,000, na wale watu wakamchangia zaidi ya dola 10,000. Dola moja kwa kila mtu. Na hiyo dola moja kila mtu ndo ikawa ombi lake kwa nchi nzima, na kabla hajafa, mwezi wa pili 1981, michango ilikuwa imepita dola milioni 24, nchi ikiwa na watu kama milioni 24. Ombi dogo, linaeleweka, mtoto wa shule anaweza kulitimiza. Mbio za kumkumbuka zinafanyika kila mwaka mpaka leo.

Au Kevin Sinfield wa Uingereza, mchezaji wa zamani wa raga. Rafiki yake waliyecheza naye timu moja, Rob Burrow, aligundulika mwishoni mwa 2019 ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoua misuli kidogokidogo. Rob alikuwa anavaa jezi namba 7. Sinfield akasema ntakimbia marathoni 7 kwa siku 7, Desemba 2020, na lengo likawa pauni 77,777. Zikaja zaidi ya milioni 2. Mngemuuliza mtu mtaani kwa nini saba, anakujibu papo hapo, jezi ya rafiki yake. Idadi yenyewe ilikuwa inasimulia hadithi. Sisi nane yetu ilitokana na idadi ya wauguzi, wako wanane, kila mbio tukampa muuguzi mmoja, jina lake linaandikwa mgongoni kwenye jezi. Siku ya mbio ya pili yule muuguzi mwenyewe alikuja kusimama kwenye mstari wa kumalizia, akaona watu kumi na moja wanakuja na jina lake mgongoni. Alilia, na sisi tulilia.

Na huyu wa tatu nimtaje kwa sababu kuna watu hapa wanasema mimi nina kazi sina muda. Gary McKee, naye wa Uingereza, mwaka 2022 alikimbia marathoni moja kila siku, mwaka mzima, 365, na kazini alikuwa anaenda kama kawaida, anakimbia kwanza alafu anaingia kazini. Zaidi ya pauni milioni moja zilipatikana kwa ajili ya watu wenye kansa na huduma za wagonjwa wa mwisho wa maisha. Simwambii mtu hapa afanye hivyo jamani, na ntaeleza sasa hivi kwa nini. Namtaja kwa sababu ya ile ratiba yake ya alfajiri.

Haya, tuje kwenye mwili. Mbio zetu zilikuwa nane ndani ya miezi kumi, tano nusu marathoni na tatu marathoni kamili, ukijumlisha ni kama kilomita 232 za siku za mbio tu, mazoezi hujayahesabu. Kosa ambalo karibu wote tulilifanya ni kudhani kazi ni siku ya mbio. Kwenye mfululizo kazi kubwa ni ule muda wa katikati. Baada ya marathoni misuli inakuwa na michaniko midogomidogo, inahitaji wiki mbili au tatu za kutulia kabla hujarudisha mazoezi magumu, mifupa nayo ina ratiba yake, inajijenga polepole kuliko misuli na polepole kuliko pumzi. Hapo ndo watu wanapoumia, pumzi imepanda, unajisikia uko vizuri, unaongeza, unaongeza, mfupa bado haujakufikia.

Mimi ilinikuta mbio ya sita, marathoni yetu ya pili. Wiki mbili kabla yake nilikuwa na maumivu kwenye muundi wa mguu wa kushoto, sehemu moja, naweza kuionyesha kwa kidole. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na watu 140 kwenye daftari wameshatuma, nikaona nitawaambia nini. Nikameza dawa ya maumivu asubuhi nikaenda. Kilomita 10 sawa, 20 sawa, kuanzia 26 nikawa nachechemea, kilomita ya 31 mguu ukakataa kukanyaga kabisa. Daktari wa kituo alibonyeza palepale kwa kidole, nikaruka, akasema unamaliza hapa hapa. Vipimo vikaonyesha ufa mdogo kwenye mfupa. Akaniambia kitu ambacho nakirudia kwenu neno kwa neno kadiri ninavyokumbuka, maumivu ya misuli yanasambaa, maumivu yanayokaa sehemu moja ya mfupa usiyakimbilie, nenda kapimwe. Na akanigombeza kuhusu zile dawa, na alikuwa na haki. Ibuprofen na ndugu zake ukizimeza alafu ukakimbia masaa manne huku mwili unapoteza maji, unaziweka figo zako kwenye hatari, na juu ya hapo zinakufichia lile onyo ambalo mguu unajaribu kukupa. Kwenye awamu hii naomba iwe sheria ya timu. Mtu anayemeza dawa ili aweze kuanza mbio, haanzi.

Nilirudi nyumbani nimeshika kichwa. Sikuwaza mguu, niliwaza wale watu 140. Kesho yake nikaandika meseji moja nikawatumia wote, nikasema nimeacha kilomita ya 31, mfupa una ufa, na nilijua kuna tatizo kabla sikusema, samahanini. Nikakaa nangoja lawama. Walikuwepo wawili waliokuwa wameahidi kulipa kwa kila kilomita. Mmoja akalipa kilomita 31, mwingine akalipa 42 na akaandika chini, pole, pumzika. Wote wawili walikuwa sahihi kwangu. Aliyelipa 31 alikuwa ametimiza neno lake kamili, na kwenye daftari nimemwandika hivyo, nashukuru vilevile. Hakuna aliyedai arudishiwe, na kuna watu ambao hawakuwahi kunijibu meseji hata siku moja, siku ile walijibu. Mbio ya saba nikawa kwenye kituo cha maji, nagawa vikombe. Mbio ya nane, wiki kumi baada ya kuumia, daktari ameruhusu, nikaenda nusu marathoni taratibu sana, kilomita tatu nakimbia, moja natembea.

Kuhusu kunywa maji niseme kidogo maana watu wanadanganyana. Wengi tulilelewa na ushauri wa kunywa tu, kunywa kila ukikutana na maji. Kuna utafiti ulifanyika kwenye marathoni ya Boston mwaka 2002, wakapima damu ya wakimbiaji 488 baada ya kumaliza, asilimia 13 walikuwa na chumvi ya damu iliyoshuka chini ya kiwango, na kilichohusika sana ni kunywa kupita kiasi, mpaka mtu anamaliza mbio uzito umeongezeka. Hali hiyo ikizidi inaweza kuua kweli. Wanaokaa barabarani masaa mengi ndo wako kwenye hatari zaidi, na kwenye mbio za kuchangia wengi wetu ni hao. Kunywa ukisikia kiu. Chakula cha njiani, kitu chenye wanga au sukari, anza mapema kabla hujachoka, kwa sababu akiba ya nguvu iliyoko kwenye misuli na ini haifiki mwisho wa marathoni, kwa wengi inakata karibu na kilomita ya 30, chaji imeisha. Na hicho utakachokula siku ya mbio uwe umeshakijaribu kwenye mazoezi. Viatu sitaongea sana, visiwe vipya siku hiyo, basi.

Mbio ya tano tuliiandaa wenyewe, nusu marathoni, watu 200. Hapa nina uchungu bado. Vibali tulichukua, ambulensi ilikuwepo, bima tulikata, barabara ilifungwa vizuri, watu wa kuongoza kona walisimama. Tulikosea maji. Tuliweka vituo kila kilomita 5 na tukapiga hesabu ya kikombe kimoja kwa mtu kwa kila kituo. Jua likatoka kali. Mtu anachukua viwili, kimoja anakunywa, kingine anajimwagia kichwani, na ni haki yake. Kituo cha kilomita ya 15 kikaisha maji wakati watu kama 60 bado hawajafika. Na hao 60 ni akina nani? Ni wale wa nyuma. Wazee, wanaokimbia kwa mara ya kwanza, wale waliokuja huku wana mgonjwa nyumbani. Hao ndo walioleta michango mingi kuliko wote, maana wenye kasi wengi walikuja kutafuta muda mzuri, na hao ndo tuliowaachia meza tupu. Mama mmoja wa miaka sitini na kitu alimaliza midomo imekauka, akanipa bahasha, akanishukuru. Sikujua niangalie wapi.

Kwa hiyo kwenye awamu hii ambaye yuko kamati ya njia naomba asikie. Vikombe viwili kwa mtu kwa kila kituo, halafu ongeza, na ile ziada kaiweke kwenye vituo vya mwisho. Kila kituo kiwe na mtu mwenye simu ambaye kazi yake ni kusema tumebaki na kiasi hiki. Mstari wa kumalizia usibomolewe mpaka mtu wa mwisho apite, na wanaopiga makofi wabaki. Na awepo mtu wa timu anayetembea nyuma kabisa na yule wa mwisho, mwenye maji mgongoni.

Sasa pesa. Hapa nivumilieni kidogo, maana hapa ndo tunaweza kuharibu kila kitu hata tukikimbia vizuri namna gani.

Tulikubaliana tangu siku ya kwanza kwamba mchango wa mtu haununui raba yangu. Ada za kushiriki, jezi, nauli, malazi, tulilipa wenyewe, na mwenzetu ambaye hakuweza tulimsaidia sisi kwa sisi kutoka kwenye kapu letu la pembeni. Michango ilikuwa inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya wale wa tiba shufaa, haipiti kwenye simu ya mtu. Niliombwa mara nyingi, chukua tu cash utaiweka, nikawa nakataa, nakaa na mtu mpaka anatuma mwenyewe. Zile bahasha za mkono, chache, zilihesabiwa na watu wawili palepale na risiti ikaandikwa kabla mtoaji hajaondoka. Hakuna aliyetushuku. Ni kwamba mchangiaji hatakiwi kuwa na kazi ya kutuamini kwa moyo tu, awe na karatasi.

Kila baada ya mbio, ndani ya siku saba, tulitoa ripoti. Fupi. Zimeingia kiasi hiki, zimelipia safari hizi, zilizokwisha kufanyika ni hizi, zilizobaki ni hizi. Kuna kampuni moja, sitaitaja, iliahidi kulipia safari 50, tukapiga picha nao, tukashukuru hadharani, tukaandika kwenye ripoti kama vile zimeingia. Miezi minne hakuna kitu, simu hazipokelewi. Ikabidi turudi kwa watu tuseme zile safari 50 tulizoandika hazipo. Ilituumiza sana kwa sababu wauguzi walikuwa wameshapanga ratiba zao. Siku hizi ahadi inaandikwa ukurasa wake na pesa ukurasa wake, na hatumshukuru mtu hadharani kabla haijafika.

Kuna jambo lingine la mfululizo ambalo hamtaambiwa na mtu anayekimbia mbio moja. Watu wanachoka kuombwa. Mbio ya tatu na ya nne michango ilishuka vibaya, na kwenye grupu watu wakaanza kujitoa kimyakimya. Tukakaa, tukagundua tunawaomba watu walewale kila mwezi, dada yangu ameshatoa mara tatu na bado anapata meseji ya kuombwa ileile kama mgeni. Tukabadilisha. Kila mbio ikawa na watu wake. Hii ya ndugu, hii ya kazini, hii ya majirani, hii ya watu tuliosoma nao. Aliyeshatoa hapati ombi tena, anapata habari tu, tumefika wapi na safari yake ilienda lini, bila kumtaja mgonjwa. Ajabu ni kwamba wale tulioacha kuwaomba ndo walioanza kutuletea watu wapya. Mama mdogo peke yake alileta wanawake tisa wa kikundi chao.

Na kuhusu wagonjwa wenyewe. Tulishauriwa tuweke picha, kwamba picha ya mgonjwa amekonda kitandani inaleta pesa haraka. Inawezekana inaleta. Hatukuweka hata moja na naomba awamu hii tusiweke. Nilimwona mama yangu katika hali ile na najua asingetaka uso wake wa siku zile uzunguke kwenye simu za watu asiowajua. Tuliweka picha ya gari likiwa na matope, picha ya begi la muuguzi limefunguliwa, picha ya viatu vyake. Watu walielewa.

Mwisho wa yote safari zilikuwa 431. Tulikuwa tumeomba 400, na zile 50 za ile kampuni hazimo humo. Safari ya mwisho katika hizo ilifanyika mwezi uliopita, na nilimuuliza muuguzi kama naweza kuwasindikiza mpaka getini tu, akakubali. Sikuingia ndani. Nilikaa kwenye gari nusu saa hivi, nikasikia mtu anacheka ndani ya ile nyumba, sijui ni mgonjwa au ni mtu wake.

Basi. Daftari jipya liko pale mezani kwa dada aliyevaa njano. Kila anayejiunga anaandika jina lake juu ya ukurasa, na chini yake majina 20 ya watu atakaowapigia, kwa sauti, sio meseji. Wa kwanza mpigie leo kabla hujalala, na nashauri awe yule unayemwogopa zaidi. Mazoezi tunaanza Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kilomita 5, mwendo wa kuongea, ukiona huwezi kuongea na mwenzako umezidisha. Wenye maumivu yoyote ya mguu waje waniambie mimi kwanza, kabla hatujaanza.

Ahsanteni. Kama kuna maswali nipo.